Miaka Miwili Niliyojiongezea kwa Mdomo

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na kabla ya kunisaidia naomba usinicheke, maana jambo lenyewe hata mimi nikilifikiria naona haya, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, nina wajukuu wanne, halafu ninatembea na uongo mmoja kifuani kama mtoto aliyevunja sahani akavificha vipande chini ya kitanda.

Mimi ni karani wa masjala ya hospitali na nimeifanya kazi hii miaka thelathini na moja. Chumba chetu kiko nyuma ya mapokezi, hakina dirisha ila kitundu cha kupitishia mafaili, na rafu zimepanda hadi darini, kwa hiyo siku nzima tunashinda tukipanda na kushuka kingazi cha vidato vitatu. Mgonjwa akija amepoteza kadi wenzangu huniita, "Kumbukumbu, hebu njoo umwone huyu," kwa sababu nikiuona uso mara nyingi namba ya faili hunijia yenyewe, basi hilo ndilo limekuwa jina langu pale kazini. Nastaafu mwisho wa mwezi ujao. Huo ndio ukweli, lakini ukimuuliza ndugu yangu yeyote atakwambia nimeongezewa miaka miwili.

Mambo yalianza hivi. Mama yangu, ambaye alikuwa akiishi peke yake na kujipikia mwenyewe, aliteleza bafuni mwaka jana akavunjika nyonga. Siku alipokaribia kutoka hospitali tulikutana nyumbani kwangu, Jumapili mchana, mdogo wangu wa kiume na mke wake, binti yangu mkubwa, mimi na mume wangu, tunakunywa chai, na mdogo wangu, ambaye ni dereva wa gari la maji na amezoea kupanga safari, akaipanga na hii. Akasema, "Bahati nzuri dada anastaafu hivi karibuni. Mama ahamie hapa, chumba kipo, na dada atakuwa na nafasi." Hakuniuliza. Alisema huku akikoroga sukari, na wote wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, limekwisha, tuzungumze mengine.

Mshauri, sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilijisikia tu nikisema, "Mimi wameniongeza miaka miwili. Barua imekuja wiki iliyopita." Hakuna barua iliyokuja. Mume wangu alikuwa amesimama na birika mkononi, akanitazama, akaliweka birika mezani polepole.

Sasa nikueleze kwa nini, ingawa sijui kama ni sababu au ni kisingizio. Chumba hicho anachosema mdogo wangu kwamba kipo, mama mkwe wangu alilala humo miaka kumi na moja, amepooza upande mmoja. Nilimwogesha alfajiri kabla ya kwenda kazini, nikamwachia jirani, na nikirudi kitu cha kwanza ni kumgeuza na kutazama mgongo wake kama umeanza kuchubuka. Sijuti, alikuwa mama mwema na alifia mikononi mwangu. Lakini siku nilipokunja godoro lake niliapa moyoni kwamba nikistaafu nitakaa mwaka mmoja mzima bila mtu kuniita kutoka chumba kingine. Kiapo hicho sikumwambia mtu, hata mume wangu, kwa kuwa yule alikuwa mama yake, angedhani nilikuwa nikimhesabia.

Basi mama akapelekwa kwa mdogo wangu, na maana yake ni kwamba akapelekwa kwa wifi yangu, kwa sababu mdogo wangu anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Wifi ni fundi cherehani, anashona sare za shule barazani kwake, ana mkono safi sana, walimu wakuu walikuwa wakimfuata wenyewe. Sisi tunakwenda kuwatembelea kila baada ya wiki mbili, nabeba matunda na sabuni, naketi na mkoba magotini kama mgeni, mama ananiuliza, "Kazini hawajambo?" nami najibu, "Hawajambo mama, kazi ni nyingi."

Jumapili iliyopita wifi alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. Cherehani yake ilikuwa humo, imefunikwa shuka. Akasema, "Wifi, ichukue. Si uliwahi kusema ukistaafu utajifunza kushona? Miaka miwili si mingi, anza taratibu siku za Jumamosi. Hapa inakula vumbi bure."

Nikamuuliza, "Na wewe?"

"Mimi nafasi sina tena. Nikimwacha mama dakika kumi anajaribu kusimama mwenyewe. Siku moja nilimkuta ameshikilia pazia."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunisema. Laiti angekuwa na hasira ningepata pa kushika. Mdogo wangu akaipakia cherehani kwenye gari huku akipiga mluzi, na sasa imo sebuleni kwangu, nikipita naizunguka.

Jioni ile mume wangu aliniambia, "Uongo wako sitautoboa, lakini sitakusaidia kuubeba. Shemeji akiniuliza uso kwa uso, nitamjibu." Mume wangu ni fundi umeme aliyestaafu, si mtu wa maneno mengi, na akisema neno huwa amelipima.

Na kuna la tarehe. Mkuu wa kitengo chetu ananiandalia sherehe ndogo ya kuniaga, amenipa karatasi niandike majina ya ndugu wa kualikwa, na mimi karatasi ile nimeirudisha tupu. Akaniuliza, "Mtu mwenye jamaa kama wewe, leo huna hata ndugu mmoja?" Nikasema wako mbali. Wako mwendo wa nusu saa. Na nimefika mahali pa kupanga kwamba nikishastaafu nitatoka kila asubuhi na mkoba wangu kama naenda kazini, nishinde saluni kwa rafiki yangu hadi saa tisa, hivyo hivyo kwa miaka miwili. Nilipomwambia mume wangu alicheka, hadi alipoona mimi sicheki.

Mshauri, nifanye nini? Nikisema kweli, wataniona sina huruma na mama aliyenizaa, na kesho yake nitaletewa mama na mwaka wangu utakuwa umekwenda. Nikinyamaza, wifi anakwisha mbele ya macho yangu. Nampenda mama yangu. Na nimechoka. Hivi vitu hivi viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja, au mimi ndiye nimeharibika?

Kumbukumbu wa masjala

MSHAURI ANAJIBU

Kumbukumbu, hujaharibika. Vinakaa, tena vimekaa katika mioyo mingi kabla ya wako. Mtu anaweza kumpenda mama yake na akatamani kulala bila kuitwa. Miaka kumi na moja ya kumgeuza mgonjwa si mchezo, na anayesema hukupaswa kuchoka mpe beseni na taulo, mrudie baada ya wiki moja.

Nimekupa pole yako. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mdogo wako alikosea. Alikugawa mezani kama kipande cha mkate, na wewe ukiwa umekaa pale pale. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye aliuona wako mwepesi hivyo hivyo. Siku ile ulihitaji sentensi moja tu: "Subiri kwanza, mimi sijaulizwa." Ukashindwa kuitoa, ukatoa nyingine. Hapo naelewa, ulimi wa mtu aliyebanwa huteleza. Lakini ulimi uliteleza siku moja, na tangu hapo umenyamaza kwa hiari yako, Jumapili baada ya Jumapili, ukimtazama mwanamke ambaye hakuzaliwa na mama yako akimbeba mama yako. Wale wengine hawakujua mzigo ule una uzito gani. Wewe ulijua. Katika familia nzima wewe peke yako ndiye uliyejua, na ndiye uliyemtwika. Hilo ndilo linalokuuma, na lina haki ya kukuuma.

Hilo la kushinda saluni na mkoba tulizike leo. Utakuwa umestaafu kazi moja na kuanza nyingine, ya kujificha, nayo haina likizo.

Usisubiri Jumapili. Jumapili nyumba imejaa na kila mtu anakuwa hakimu. Omba ruhusa katikati ya wiki, umwendee wifi yako kwanza, kabla ya mdogo wako, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia. Irudishe cherehani ile. Sema kwa ufupi kwamba hakuna barua, ulidanganya, uliogopa kusema umechoka. Habari za mama mkwe usianze nazo, zitasikika kama utetezi. Akikuuliza sababu, ndipo umweleze. Na akikasirika mwache akasirike. Usilie ili akubembeleze, maana hapo utakuwa umemwongezea mgonjwa wa pili.

Mdogo wako naye umwambie machoni lile ambalo hukulisema siku ya chai, halafu umuulize yeye mwenyewe atachukua siku zipi. Kupika, kufua na kumpeleka mama kliniki havihitaji mtu azaliwe mwanamke. Nawe utaje siku zako. Usijitoe zote kwa kuona aibu, kwa sababu ahadi ya aibu huvunjika mapema. Taja siku chache unazoziweza, na useme wazi kwamba utapumzika mwezi mmoja kwanza. Mwaka mzima hutaupata, dada yangu. Mwezi wa wazi utakupumzisha kuliko mwaka wa kuvizia.

Mumeo mwambie kuhusu kiapo chako. Ulimlelea mama yake, ana haki ya kujua ulichoka kiasi gani, na huenda anajua.

Halafu kuna mtu mmoja sijasikia sauti yake katika barua yako yote isipokuwa anapokuuliza, "Kazini hawajambo?" Mama yenu amevunjika nyonga, hakuvunjika akili. Muulizeni anataka kukaa wapi.

Kisha iombe tena ile karatasi ya majina, uijaze.

Wasomaji, jibu hili nilimtumia kwa posta kabla ya kulichapisha, kwa kuwa siku ya kuagwa isingetungoja. Miezi mitatu imepita, juzi alinipigia simu hapa ofisini na akaniruhusu niwaeleze yaliyotokea.

Alikwenda siku ya Jumatano, mumewe amebeba cherehani. Walimkuta wifi uani akianika mashuka. Kumbukumbu alisema yote akiwa amesimama, na wifi hakuacha kuanika. Alipomaliza shuka la mwisho alisema, "Nilikataa sare za shule nzima," akaingia ndani na kuwaacha pale uani.

Walingoja hadi jioni mdogo mtu aliporudi, naye akaelezwa yale yale, maneno yakamtoka. "Dada, ungesema tu."

"Hukuniuliza."

"Mimi ni mdogo wako, nikuulize nini? Nilijua utakubali."

"Ndiyo maana nilidanganya," akamjibu.

Mama alikuwa amesikia kila kitu kutoka chumbani. Akawaita wote, akawaambia yeye haondoki pale. "Kwa dada yenu choo kiko mbali na majirani wananuna," alisema, "na mkitaka kunisaidia punguzeni kelele." Wakapanga siku: Jumatatu hadi Jumatano za Kumbukumbu, Alhamisi na Ijumaa za wifi, Jumamosi na Jumapili za mwanawe wa kiume, ambaye sasa anajua kupika supu, ingawa inasemekana ina maji mengi kuliko gari lake.

Kwenye kuagwa, mama alikuja na fimbo yake, mdogo mtu alikuja, na binti alikuja na watoto. Wifi hakuja. Alituma salamu kwamba ana kazi.

Kumbukumbu alipumzika mwezi wake mmoja. Anasema wiki ya kwanza alilala, ya pili alipanga kabati, ya tatu alimkumbuka mama mkwe wake akalia vizuri, na mumewe akaketi naye. Jumatatu ya kwanza ya zamu yake alifika saa moja asubuhi. Wifi alimfungulia, akamtazama, hakusema karibu.

"Maji nimeyateka," alisema. "Mama hapendi yakiwa moto sana. Na anza na mguu wa kulia, wa kushoto bado unamuuma."

Nikamuuliza Kumbukumbu yeye alijibu nini.

"Nilimwambia nimesikia," akasema. "Nikapandisha mikono ya gauni, nikaenda kwa mama."