Nguvu ya Soda Ukweni Kilolo

Isaka, nimeaibika ukweni!

Posa ya Yusta, huku Kilolo. Msemaji ni mshenga, mimi natakiwa ninyamaze tu. Nikanyamaza? Nikasimama nikaghani shairi langu, beti zote!

Shangazi yake akamimina soda kwenye glasi, povu likapanda mpaka juu. Akaniambia, "Endelea, baba."

Na mimi nikaendelea!

Nilipomaliza akainua ile glasi, povu hakuna. "Mnasema nguvu ya soda, mnajua imetoka wapi? Ni hii. Inaanza na kelele, inaishia maji ya sukari. Kama mkwe."

MKWE, Isaka! Yusta alicheka kuliko wote.

Hawajanikataa. Nilime nao viazi wiki nzima, kimya, ndipo watajibu.

Niletee mabuti yako. Ukicheka, tunagombana.