Ini la Mashine

Dada Kabula, shikamoo. Mdogo wako nina bahati kuliko wagonjwa wote wa Mwanza: nimechaguliwa wa kwanza kufungiwa ini la mashine.

Leo binti anayelitengeneza kanionyesha. Liko kama redio yenye mipira, na damu inapita humo inasafishwa.

"Damu ya nani?" nikauliza.

"Ya ng'ombe, kaka, toka machinjioni. Bado tunajaribu."

Nikamwambia basi huyo ng'ombe karuka foleni. Hakucheka. Alitazama macho yangu ya njano, akanimenyea chungwa.

Upepo wa ziwa unafika mpaka kitandani. Nibusie watoto, na mama mwambie ninakula vizuri.

Mashine haijaruhusiwa kwa watu, na daktari anasema ini langu halitaisubiri. Sikuchaguliwa, dada. Nilikudanganya.