Baba Anapiga Hodi

Dada Ernestine,

Hapa Birmingham mipichi imezaa sana, na goti la Mama limepata nafuu.

Mkaguzi wa jiji alikuja ofisini kuhakikisha kwamba ni mimi, mwanamke, ninayeongoza kampuni ya kuezeka aliyoniachia Baba. Bila cheti chake cha kampuni zinazoongozwa na wanawake, hatupati zabuni ya mapaa ya shule. Aliniuliza mimi, lakini kila swali Baba alilidaka kwa mazoea.

"Huyu bado mtoto, bwana. Niulize mimi!"

Mkaguzi akaanza kufunga mkoba. Nikaona zabuni inaponyoka.

"Baba, tupishe," nikasema.

Akachukua kofia yake, akatoka.

Cheti tumepata. Lakini mpigie simu, dada. Ofisi ile aliijenga kwa mikono yake, na siku hizi akitaka kuingia anapiga hodi.

Mdogo wako,
Verlene