Jukwaa Linalojibomoa Lenyewe

Mpwa wangu Zuhura,

Nasikia huko uliko baridi inagandisha chai kikombeni. Mimi nimewahi kupambana na kubwa kuliko hiyo, ila leo siandiki habari zangu.

Unakumbuka likizo ile ulipokuja Kerege ukanifuata kazini? Nilikuwa juu ya jukwaa la mirunda, ghorofa ya nne, napiga lipu huku nakunywa kahawa. Haya, ghorofa ya pili. Ukaniuliza, "Mjomba, ukuta si umeshasimama? Mbona miti hamuiondoi?" Nikakwambia, "Ukuta mwongo huo. Nje mkavu, ndani maji."

Leo na wewe unajenga jukwaa, la kutia ndani ya goti la mtu. Ulinieleza kwenye simu: maganda ya kamba wa baharini yaliyosagwa, yakachanganywa na kitu kama uzi wa kushonea vidonda. Humo mnapanda chembe za gegedu, ile nyama nyeupe ngumu ya kwenye maungio, na zikishakua jukwaa linayeyuka. Nilikuuliza mara tatu kama hamna nguruwe. "Hamna, mjomba." Mara ya tatu ukacheka. Kicheko kile sikukipenda.

Na hili la kuyeyuka lenyewe, nani analiambia kwamba wakati umefika? Likitangulia kabla gegedu halijashika, je?

Nina sababu ya kuuliza. Goti langu hili halikung'atwa na mamba wa Mto Ruvu, kama ninavyowasimulia. Niliondoa mapema mirunda iliyoshikilia zege, nikitaka sifa kwa mwenye nyumba, likashuka nami. Hata mama yako hajui. Sasa naswali kwenye kiti, msikiti mzima umeinama mimi nimekaa. Wenzangu wananitania, "Mheshimiwa, kiti chako kile pale." Nacheka nao. Nikirudi nyumbani sicheki.

Ulisema mbuzi mliowawekea wanatembea, na kwamba kwa binadamu bado sana. Sijui kama ni kweli bado, au unamkwepa mjomba wako. Basi usiniambie habari ya kutembea, hata mimi natembea. Nenda kakae na mbuzi hao jioni wanapolala. Tazama kama wanapiga magoti, kisha wanainuka bila kusaidiwa. Ukishaona kwa macho yako, niandikie, nami nitakuamini.

Allah akulinde huko ugenini.

Mjomba wako wa Kerege