Mwalimu Gerson Akyoo na Swali Lililobaki Ubaoni

Mwaka umetimia leo, Mwalimu Gerson, tangu uanguke mbele ya ubao, chaki ikiwa bado mkononi, ukatuacha hapa Akeri tukiwa hatujui hata pa kuanzia. Watu walituambia tutazoea. Bado hatujazoea.

Kwanza pokea habari za nyumbani, maana ulikuwa huwezi kula kabla hujaulizia ng'ombe. Methani hajambo, ila amezeeka na ukaidi umemzidi. Ethani anatoa maziwa vizuri. Propani alizaa mwezi wa tatu, ndama jike, na mwanao Bariki hakumuuliza mtu jina. Akamwita Butani, kwa kuwa ni wa nne, na ndivyo ulivyotufundisha kuhesabu: kaboni moja methani, mbili ethani, tatu propani, nne butani. Majirani wengine mpaka leo wanadhani ni majina ya watakatifu. Mkeo Lydia kila akiwasha jiko la gesi anakumbuka ulivyomchokoza kwamba anapikia propani na butani, naye akikujibu kwamba yeye anapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando, hao ng'ombe wako wabaki zizini.

Ulikuwa mtu wa utani, lakini kazini hukuwa na mchezo. Kemia ya kaboni, ambayo watoto wengi huikimbia, wewe uliifanya mambo ya nyumbani. Ulisema kaboni ni mtu mwenye mikono minne, na hapendi hata mkono mmoja ukae bure. Akikosa kaboni mwenzake wa kumshika, atashika haidrojeni. Yale majina marefu ya kutisha uliyageuza kuwa ukoo. Tafuta kwanza mnyororo mrefu kuliko yote, hata ukiwa umepinda. Huo ndio ukoo, na jina lake hukaa mwisho, kama Akyoo linavyokaa mwisho wa jina lako. Kisha zipe kaboni namba, ukianzia upande ulio karibu na tawi, ili tawi lipate namba ndogo. Tawi na namba yake hutangulia, ukoo unafuata.

Kwaya ya usharika imekosa besi yako, ingawa mwalimu wa kwaya anakiri kwamba ulikuwa ukiimba kwa nguvu kuliko usahihi. Koti lako lenye vumbi la chaki bado liko nyuma ya mlango. Mfukoni mwake tulikuta vidonge vya presha ulivyomwambia Lydia kila asubuhi kwamba umeshavimeza. Tulikukasirikia kwa hilo, Mwalimu. Hasira hiyo imepungua, haijaisha.

Lakini yaliyotutesa mwaka huu ni ya Vaileth, binti yako.

Unajua yaliyotokea siku ile, maana ulikuwepo. Ulikuwa ukifundisha kidato cha tatu, darasa la binti yako. Ulichora kaboni tano kwa mstari, ukaweka tawi la methili kwenye ile ya pili kutoka kulia, halafu ukaanza kuzipa namba kutoka kushoto. Ukaandika kwamba tawi liko kwenye kaboni ya nne, ukawauliza wanafunzi kama mko pamoja. Darasa zima likaitikia ndiyo. Vaileth akanyoosha mkono. Shuleni alitakiwa akuite Mwalimu, lakini ulimi ulimteleza. Akasema, "Baba, umekosea. Umeanzia upande usio wake." Ukacheka, ukageuka kuchukua dasta, ukaanguka.

Daktari alieleza kwamba presha ilikuwa imepanda kwa muda mrefu na ingekukuta popote, hata zizini. Maneno hayo kwa Vaileth yaliingia sikio moja yakatokea la pili, kwa sababu msibani alikuwa ameshasikia mengine. Dada yako Angel, katika uchungu wake, alisema mbele ya waombolezaji, "Mtoto anamwambia babaye umekosea mbele ya watoto wa watu, halafu mnauliza presha imetoka wapi." Vaileth alikuwa amebeba sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole, akaenda kukaa migombani, na tangu siku hiyo hakumsahihisha mtu kwa lolote, hata Bariki alipokosea kuhesabu chenji.

Kesi yake alijihukumu mwenyewe. Lile cheko lako alilitafsiri kuwa ni aibu. Akiwa darasani, mwalimu mpya akichora mnyororo wa kaboni, aliweka kalamu chini akafunga daftari. Kwenye mtihani wa majaribio wa mkoa alijibu maswali ya asidi na besi vizuri sana, na ukurasa wa kaboni akaurudisha mweupe. Lydia alimbembeleza, akamkemea, akamwombea. Mchungaji alikuja. Binti alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akabaki vilevile.

Mwezi uliopita akaja Oscar, mwanafunzi wako wa zamani, ambaye sasa anauza dawa mjini, pale Daraja Mbili. Alikuwa safarini wakati wa msiba, hivyo alikuja kutoa pole yake na mfuko wa sukari. Angel alikuwepo, anamenya ndizi. Lydia alipomsimulia ulivyoondoka, Oscar aliweka kikombe chini akauliza ubaoni kulikuwa na nini. Tuliogopa kumtazama Vaileth. Lakini alijibu mwenyewe, kwa sauti ndogo: kaboni tano, tawi upande wa kulia, namba zimeanzia kushoto.

Oscar alicheka, kisha macho yakamjaa machozi. Akasema huo ulikuwa mtego wako. Kila darasa ulilitega kwa mchoro uleule, na darasa lao walikaa kimya kipindi kizima, wote wanajua kwamba ni kaboni ya pili wala si ya nne, hakuna aliyethubutu kumwambia mwalimu. Kengele ilipolia ulifuta ubao ukawaambia kwamba heshima ya namna hiyo haina faida kwako, wewe unamtafuta mtu mmoja tu wa kukuambia umekosea. Akamgeukia Vaileth. "Sasa ulipomwambia, alifanyaje?"

"Alicheka," Vaileth akasema.

"Basi ulimfurahisha, mdogo wangu. Sisi alituondokea amenuna."

Angel aliacha ndizi zikiwa nusu, akajitanda kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Tulidhani amekasirika.

Tungependa kukuambia kwamba tangu siku hiyo binti yako amepona. Hatuwezi kukudanganya. Analala vizuri zaidi, na juzi alimwambia Bariki kwamba chenji si hiyo. Lakini juzi hiyohiyo Lydia alimkuta amechora mnyororo, amefika kwenye kuweka namba, na mkono umesimama hewani. Alipoona mama yake ameingia, akafunika karatasi.

Na leo, Mwalimu, siku ileile uliyotuacha, ndiyo siku ya mtihani wake wa kemia wa kidato cha nne. Hatukuipanga sisi. Tangazo hili tumelipeleka gazetini mapema, na gazeti hufika Akeri jua likiwa limeshapanda, kwa hiyo wakati watu wanasoma hapa, Vaileth atakuwa ndani ya chumba na karatasi iko mbele yake. Tunajua swali la kaboni litakuwemo, maana halikosekani. Kama mkono utaandika au utasimama tena, hatujui. Lydia amesema hatamuuliza. Tunavyomjua, atakuwa amekwenda mara tatu kuchungulia barabarani.

Unakumbukwa na mkeo Lydia, wanao Vaileth na Bariki, dada yako Angel, mdogo wako Ebenezer na mkewe Anneth, wanakwaya wenzako, wanafunzi wako wote na ukoo mzima wa Akyoo. Ibada itakuwa nyumbani leo saa tisa alasiri, na haitaanza mpaka binti arudi.

Neno la mwisho ni la Angel. Tulipokaa kupanga ibada, Ebenezer alisema shada la kwanza kaburini aliweke dada mkubwa wa marehemu. Angel akasimama akakataa.

"Shada la kwanza ni la Vaileth," alisema. "Msibani nilimtamkia mtoto neno baya, na lilisikiwa na watu wote. Basi na hili liandikwe gazetini wote walisome. Mimi ndiye niliyekosea. Yeye alimpa ndugu yangu kitu alichokitafuta miaka yote ya kufundisha kwake."

Tumeliandika kama alivyolisema. Vaileth hajui bado. Atalisoma akitoka, awe amelijibu lile swali au ameliacha wazi, na shada litakuwa lake vyovyote vile.

Hatutakusahau, Mwalimu, siku zote tutakazojaliwa.