Nguo za Bi Futi Zinafumuliwa

Mwaka umetimia sasa tangu saratani ikutoe mikononi mwetu, Bi Futi. Watu walituambia mwaka ukipita tutapumua. Umepita, na tumechoka vilevile.

Familia imeniomba mimi, shoga yako niliyeshona nawe dukani kwenye cherehani ya pili, niandike kwa niaba ya wote. Mumeo alijaribu, akaandika "Mke wangu mpendwa," akaiweka kalamu chini na kwenda kulala. Mama yako akasema, "Mwacheni huyo aandike. Hao wawili walikuwa wakiongea kutwa, mate hayawakauki." Mama hakukosea.

Ulivaa futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi, ndiyo tukakuita Bi Futi; hata msibani ulikwenda nayo, umeisahau hapo hapo shingoni. Uligomba ukiwa na pini mdomoni na bado tulikuelewa. Bibi harusi akijibana tumbo apate kiuno chembamba, ulimwambia, "Pumua, bibi. Siku yenyewe utakula." Alicheka, ukampima upya. Hukumwaibisha mtu kwa mwili wake.

Ulipoanza kukonda, tulifanya jambo la kijinga kwa nia njema. Hatukutaka uone nguo zinavyokupwaya. Kila zilipofuliwa, mdogo wako aliniletea gauni moja kwa siri, nikalipunguza ubavuni, likarudi kabatini. Ukivaa, linakukaa. Sisi tukashangilia, "Mbona umependeza!" Yaani tulitaka kumdanganya fundi kwa uzi na sindano.

Ulinyamaza miezi yote hiyo. Siku za mwisho, ukiwa kitandani, ulinishika mkono.

"Shoga, mshono wako naujua hata nikifumba macho. Umeacha akiba ya kitambaa ndani?"

"Nimeacha."

"Haya. Usije ukakata kitambaa. Nikinenepa utafumua."

Nikaangua kilio. Ukaniambia nikalie nje, nisikuloweshee shuka lililopigwa pasi.

Hukunenepa, rafiki yangu.

Sasa mama yako ameamua nguo zako apewe mdogo wako. Ni haki yake, kwani alikuuguza mpaka mwisho. Lakini yeye ana mwili wa mtu mzima na afya yake, hazimwingii mpaka zifumuliwe, na hataki fundi mwingine aziguse. Mwezi mzima zimekaa juu ya meza yako. Nikishika wembe, naurudisha mezani. Naona nikifumua mishono hii, ule mwili wako wa mwisho, tuliouosha na kuulisha, hautabaki popote. Hilo limenichosha kuliko kulia.

Jana mdogo wako alikuja akaketi mbele yangu. "Dada, mimi pia naogopa," akasema. "Fumua tu."

Nikaanza na gauni la kijani. Akiba ilikuwepo ndani, na rangi yake bado mpya, haijaona jua wala sabuni. Nilipomaliza kulishona upya, alilivaa, likamkaa sawasawa. Akaenda amelivaa nyumbani kwako. Mumeo alimwona akiingia mlangoni, akainuka kitini haraka, uso ukimng'aa. Kisha akakaa tena, taratibu. Mdogo wako akapiga magoti, akamkumbatia.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wawili, mama yako, mdogo wako, mawifi zako, wateja wako, nami. Kesho nitafumua lile la bluu. Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo.