Orodha Yangu Imenituliza, Lakini Mke Wangu Amerudi Kwao

Kwa Mama Roda, mshauri wetu,

Pokea salamu zangu kutoka Shieywe, hapa Kakamega. Nakuandikia kwa kuwa nimekwama, mama, na sioni mwingine wa kumweleza jambo hili asinicheke.

Mimi ni karani katika ofisi ya Serikali, na baada ya Uhuru yule Mzungu aliyekuwa mkubwa wetu alifunga mizigo akaenda kwao, nami nikaambiwa nikalie kiti chake, na watu wa kwetu wakashangilia, wakaniombea hata kanisani, lakini mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka, maana simu inalia, barua zimejaa mezani, watu wamekaa kwenye benchi nje wakiningoja, nikishika hili nakumbuka lile, na nikilala moyo unanienda mbio kama mtu anayefukuzwa.

Ndipo mwenzangu ofisini, Maina, akaniambia, "Bwana Hezekiah, usibebe kazi zote kichwani. Asubuhi ziandike kwenye karatasi, ukimaliza moja unaipiga mstari."

Mama, sikujua karatasi inaweza kuwa dawa. Nikishaandika tu, hata kabla sijafanya lolote, kifua kinafunguka, naona kazi zimetulia pale zinaningoja, na nikipiga mstari nasikia raha ya mtu aliyetua gunia la mahindi. Usingizi ulirudi. Wakubwa walinisifu. Basi nikaona jambo zuri namna hii nisiwanyime watu wa nyumbani, nikaanza kumwandikia mke wangu, Mideva, kazi zake za siku, nikazitundika kwenye mlango wa jikoni, kuteka maji, kupiga mashati pasi, kununua mafuta ya taa, na jioni nikirudi nasimama hapo natazama ipi imefanyika. Mwanzoni alicheka. Baadaye akanyamaza, nami nikadhani amezoea.

Siku moja nikafika nyumbani, nikasimama mlangoni kama kawaida, nikaona hakuna hata moja iliyopigwa mstari. Nikamwita, "Mama Jescah, mbona mashati bado?"

Akatoka chumbani, macho mekundu. Akasema, "Baba Jescah, siku hizi unasomanga mlango kabla hujauliza mtoto yuko wapi."

Kumbe binti yetu alishikwa na homa asubuhi, Mideva akamfunga mgongoni hadi hospitali, akapanga foleni, mtoto akadungwa sindano, na wakati huo alikuwa amelala chumbani na mimi sijamwona. Niliomba radhi lakini nilisema vibaya, nilisema angalau angeandika chini ya karatasi kwamba ameenda hospitali. Mama, hata mimi sijui neno lile lilitoka wapi. Mtoto alipopata nafuu Mideva alimchukua wakaenda kwa wazazi wake Lumakanda, kwenye shamba walilogawiwa baada ya mlowezi wa Kizungu kuondoka.

Nilimfuata Jumapili. Mkwe akifika kwetu huchinjiwa ingokho, lakini siku hiyo niliwekewa chai tupu, nikajua kuku sitamwona. Baba mkwe akasema hawakumfukuza mtu na hawatamrudisha mtu kwa nguvu, akatuachia nafasi tuongee. Nilikuwa na hofu ya kusahau, kwa hiyo nilikuwa nimeandika niliyotaka kusema. Nikatoa karatasi mfukoni, nikaanza, "Kwanza, kuomba msamaha. Pili..."

Mideva akainua mkono. "Hata mimi umeniweka katika kazi zako? Ukimaliza utanipiga mstari?" Kisha akauliza, "Nikirudi, nitarudi kuwa mke wako au tarishi wako?"

Nikaikunja ile karatasi, nikapanda basi nikarudi peke yangu.

Sasa, mama, nikiziacha karatasi naogopa kichwa kitarudi kama zamani, nitashindwa na kazi, watu waseme Mwafrika amepewa kiti kimemshinda. Nikiziweka, nampoteza mke wangu ambaye nampenda sana. Nifanye nini?

Wako katika taabu,
Hezekiah, Shieywe

JIBU

Mwanangu Hezekiah,

Pole. Pole kwa kiti ulichopewa bila mtu kukuonyesha namna ya kukikalia. Wako wengi kama wewe mwaka huu, katika ofisi nyingi, wamevaa tai na matumbo yanawauma, na hakuna anayethubutu kusema. Kwa hiyo usifikiri wewe ni dhaifu. Umetafuta njia ya kutuliza moyo wako, na njia hiyo ni nzuri. Maina alikushauri kama ndugu. Endelea kuandika.

Lakini nisikilize. Umenieleza mimi kwamba unatetemeka. Umenieleza habari ya usingizi na moyo kwenda mbio. Je, Mideva ulimweleza? Nimesoma barua yako tena na tena nikitafuta mahali ulipomwambia mkeo kwamba unaogopa, sikupaona. Yeye aliona mume wake amepandishwa cheo, kisha akaona amri zimetundikwa jikoni. Ulitaka afikirie nini? Amefikiri kwamba yule Mzungu hakwenda kwao, amehamia Shieywe.

Na lile neno la kwamba angeandika ameenda hospitali! Mwanamke ana mtoto mgongoni anaungua kwa homa, wewe unataka ashike kalamu? Hapo nilitamani kukuvuta sikio. Nashukuru kwamba wewe mwenyewe umeona aibu.

Sasa fanya hivi. Leo ukitoka kazini, bandua karatasi hiyo mlangoni, na msumari wake uung'oe. Karatasi ya ofisi ibaki katika dawati la ofisi. Mashati yako piga pasi mwenyewe, mkono haukatiki. Ukitaka kujua nyumbani kuna kazi gani, muulize mkeo akirudi, naye atakuambia, na huenda nyingine ni za kwako.

Kisha omba ruhusa kazini, siku ya kazi hasa, ili ajue umeacha kitu kwa ajili yake. Hiyo ofisi haitaanguka. Usitume wazee wakusemee. Nenda Lumakanda bila karatasi mfukoni. Ukifika usianze na msamaha, anza na mtoto: analalaje, anakula nini, homa imerudi au haikurudi. Halafu mwambie yale uliyoniambia mimi, kwamba ulikuwa unaogopa na ulimwonea haya. Ukisahau maneno, nyamaza. Ukikwama, ukwame mbele yake. Swali lake la mke au tarishi hakuliuliza kwa kejeli, alitaka kusikia jibu, na jibu hilo si la kuandikwa na karani.

Akisema bado, usibishane wala usihesabu siku. Rudi kazini, na wiki nyingine nenda tena. Mama mkwe akikukaribisha chai, kunywa chai ushukuru. Wakati ule ule uulize shambani kuna kazi gani, uvue koti, ushike jembe, mpalilie pamoja.

Mwanamke aliyekuuliza atarudi kuwa nani bado anafikiria kurudi. Usichelewe.

Mama Roda